Mtaa wa dizaini ni nini, na ukija Nairobi utaupata wapi

Siku hizi mtu akitoka safari utaskia anasema alienda kuona mtaa wa dizaini wa mji fulani, na wengi wanafikiria ni mahali pa maduka ya bei kali ya kupiga picha. Maana yake ni rahisi tu: ni sehemu ya mji ambapo wanaobuni kitu, wanaokitengeneza na wanaokiuza wamekaa karibu karibu, kazi inatoka kwa mkono wa huyu hadi wa yule bila hata kupanda gari. Huo ukaribu ndio kila kitu. Fundi akikosa kifaa anaomba jirani, mteja akitaka kitu kipya kinajaribiwa hapo hapo, na mmoja akigundua mtindo unaouza kesho yake mtaa mzima unao.

Miji mingine imeupa jina rasmi. Helsinki walianzisha yao 2005, studio na maduka ya katikati ya mji yakawekwa kwa ramani moja, mgeni anazunguka kwa miguu. Milan kuna Brera, na kila Aprili wakati wa yale maonyesho makubwa ya fanicha yaliyoanza 1961, mtaa wote unafungulia watu milango. Ni vizuri, inasaidia mgeni.

Sasa Nairobi hakuna bango kama hilo, lakini chukua hiyo maana uende nayo Kamukunji, pale kwa mafundi wa mabati. Nyundo utaziskia kabla hujafika. Angalia jiko la makaa linavyozaliwa pale: huyu anapasua pipa kuukuu na kulinyoosha liwe bati, mwingine anakata kwa kufuata kipimo alichochora na msumari, mwingine anakunja na kuunganisha, halafu kuna wa kupaka rangi. Lile jiko lenye kiuno chembamba na udongo ndani, lililobuniwa hapa Kenya miaka ya 80 ili litumie makaa kidogo, ni dizaini kabisa, na liko jikoni kwa watu wengi kuliko kiti chochote cha Milan. Pembeni kuna masanduku ya wanafunzi wa bodingi, karai, wilibaro, mashine za kukaangia chipsi.

Mbona basi Kamukunji haiko kwa orodha za wasafiri? Mimi naona ni kwa sababu ya vile tulifundishwa kuitazama. Ripoti ya shirika la kazi duniani, ILO, kuhusu Kenya, ya 1972, ndiyo ilifanya dunia ianze kuongea kuhusu sekta isiyo rasmi, na tangu hapo jua kali, jina letu la sekta hiyo, inatajwa sana kwa hesabu za ajira, ni nadra mtu kuitaja kwa ubunifu. Inaniuma, juu mgeni anapelekwa moja kwa moja kwa duka la zawadi na anaondoka bila kumwona aliyekuwa na wazo.

Soko la Kariokor, hapa hapa Nairobi, ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Viondo vingi husukwa na akina mama huko mashambani, vikifika Kariokor ndio vinawekewa mikanda ya ngozi, kitambaa cha ndani na kifungo, kwa hivyo ukisimama hapo kidogo unaona kikapu kinageuka kuwa mkoba. Viatu vya ngozi vya shanga pia viko, fundi anakupimia mguu. Ukitaka upande wa wachoraji na wachongaji, nenda mahali panaitwa Kuona, penye studio za wasanii pale Kilimani, uingie studio uongee na wasanii wenyewe.

Kuhusu kutembelea Kamukunji, enda siku ya kazi asubuhi, vaa viatu vilivyofungwa mbele kwa sababu vipande vya mabati viko chini kila mahali, na usipite katikati ya watu wanaopiga nyundo. Salimia kwanza, omba ruhusa ndio utoe simu, kuna mafundi hawataki mtindo wao upigwe picha na wana haki. Bei mnaongea, ila usimkandamize mtu uliyemwona akitoka jasho. Na ukitaka kitu cha saizi yako, mchoree hata kwa karatasi ya kawaida, mkubaliane siku, umwachie pesa kidogo ya kununua vifaa na nyingine umalizie kwa M-Pesa ukienda kuchukua.