Kasi imepungua, viwanda havijashuka

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikitoa taarifa ya Pato la Taifa ya robo mwaka, haichukui muda utasikia: "Viwanda vyaporomoka." Ukiisoma taarifa yenyewe, mara nyingi unakuta viwanda vimekua, ila kwa asilimia ndogo kuliko kipindi kama hicho mwaka uliopita. Sasa kilichoporomoka ni nini?

Ukuaji wa uzalishaji viwandani ni kiasi ambacho thamani inayoongezwa na viwanda (yaani thamani ya bidhaa ukitoa malighafi na huduma zilizotumika kuzitengeneza) imezidi ile ya kipindi kama hicho mwaka jana, kwa asilimia, bei zikiwa zimewekwa kando. Kwetu Tanzania hesabu hiyo imekuwa ikifanywa kwa bei za mwaka 2015, kwa hiyo sabuni ikipanda bei bila mche mmoja kuongezeka, hakuna ukuaji hapo. Migodi, umeme na ujenzi havimo, vina mafungu yao. Kitanda kilichochongwa Keko kimo, hata kama karakana haina geti wala bomba la moshi.

Turudi kwenye kuporomoka. Chukua kiwanda cha sabuni pale Chang'ombe: mwaka wa kwanza kinatoa katoni 1,000, wa pili 1,080, wa tatu 1,134. Ukuaji ulikuwa asilimia 8, ukawa asilimia 5. Lakini mwaka huo wa tatu ndio ghala limejaa kuliko miaka yote! Kilichopungua ni kasi. Daladala ikipunguza mwendo Tazara, hakuna abiria anayelalamika kwamba imerudi Gongo la Mboto. (Na kutoka 8 hadi 5 ni pungufu ya pointi 3 za asilimia, si "asilimia 3", ila huo ugomvi tuuache kwa leo.)

Kushuka kwenyewe tunakujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na fedha za kigeni kuadimika, viwanda vilikosa vipuri na malighafi, mashine zikasimama, watu wakapanga foleni ya sabuni na sukari. Ukuaji ulikuwa hasi, yaani katoni za mwaka huu ni chache kuliko za mwaka jana. Waliopanga foleni zile hawahitaji kuelezwa tofauti.

Kuna wengine wanaochanganya ukuaji na mchango. Sehemu ya uzalishaji viwandani katika Pato la Taifa letu iko chini ya asilimia 10, na inaweza kupungua viwanda vikiendelea kukua, mradi ujenzi au madini vikue haraka zaidi. Hilo lina uzito wake, pengine kuliko kasi ya robo moja, hasa kwa nchi iliyojitangazia uchumi wa viwanda. Lakini ni swali jingine. Idadi ya viwanda vilivyokatiwa utepe nayo ni swali jingine kabisa: kiwanda kilichofunguliwa na kufungwa hakiongezi hata katoni moja.

Kwa hiyo, ndugu zangu watangazaji, sentensi kamili ni "uzalishaji viwandani umekua, ila kwa kasi ndogo kuliko mwaka jana." Najua ni ndefu na matangazo ya biashara yanasubiri. "Kasi ya ukuaji imepungua" inatosha.