Ujazo hai wa Kariba: ziwa lina maji, Zambia haina umeme

Mwaka 2024 Ziwa Kariba, bwawa la umeme la Zambia na Zimbabwe kwenye Mto Zambezi, bado lilionekana limetanda hadi macho yanapokoma, ilhali mitaa mingi ya Zambia ilikuwa ikipata umeme kwa masaa matatu tu kwa siku. Wapo waliosema serikali inaficha jambo. Jibu liko kwenye kipimo ambacho wahandisi wa mabwawa hukiita ujazo hai.

Ujazo hai ni maji yaliyo kati ya kimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa kuendesha mitambo na kimo cha juu kabisa ambacho bwawa linaweza kubeba kwa usalama. Kariba vimo hivyo ni mita 475.5 na mita 488.5 juu ya usawa wa bahari. Tofauti ni mita 13. Ziwa likijaa, mita hizo 13 zina takriban mita za ujazo bilioni 65, wakati ziwa zima lina bilioni 180 hivi. Kwa hiyo karibu theluthi mbili ya maji unayoyaona si ya kuzalishia umeme hata kidogo. Ukishuka chini ya 475.5, midomo ya kuingizia maji inakuwa karibu mno na uso wa ziwa, maji yanazunguka na kuvuta hewa, na hewa ikiingia kwenye mitambo huitikisa na kuiharibu. Taarifa ikisema “asilimia 5”, ni asilimia 5 ya maji ya zile mita 13, si ya ziwa lote. Mtanzania aliyewahi kufuatilia habari za bwawa la Mtera na kimo chake cha chini cha mita 690 anaijua lugha hii.

Sasa tupige hesabu. Maji ya Kariba huanguka takriban mita 90 kabla ya kugonga mitambo, kwa hiyo kila mita ya ujazo hutoa kama uniti (kilowati-saa) 0.22 za umeme. Mwaka 2024 mgao wa maji kwa nchi mbili zinazomiliki bwawa, Zambia na Zimbabwe, ulikuwa mita za ujazo bilioni 16, yaani bilioni 8 kila moja. Bilioni 8 ni kama uniti bilioni 1.8, ambazo ukizisambaza mwaka mzima unapata wastani wa megawati 200 hivi. Kituo cha upande wa Zambia kina uwezo wa megawati 1,080. Mitambo ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni maji.

Hapa ndipo utawala unapoingia. Anayegawa maji si shirika la umeme la Zambia, ZESCO, wala lile la Zimbabwe. Ni Mamlaka ya Mto Zambezi, iliyoundwa kwa sheria pacha za nchi hizo mwaka 1987, na juu yake lipo baraza la mawaziri wa nishati na fedha wa pande zote mbili. Mamlaka hutazama kimo cha ziwa, makadirio ya mvua na upotevu wa maji kwa jua, kisha hutangaza mgao wa mwaka, nusu kwa nusu. Upotevu huo si mdogo: ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,500, hivyo kila milimita inayokauka ni mita za ujazo milioni 5.5.

Kasoro ya mpango huu ni kwamba mgao huandikwa kwenye karatasi, ila maji hupita kwenye mitambo kila saa. Novemba 2022 Zimbabwe ilikuwa imeshamaliza fungu lake la mwaka, na ujazo hai ulikuwa umebaki asilimia 4.6. Mamlaka iliiandikia kampuni ya kuzalisha umeme ya Zimbabwe isimamishe mitambo hadi Januari 2023. Barua kama hiyo ni ngumu kuitekeleza: kuzima kituo kunaumiza leo, kuchota zaidi kunaumiza mwakani, na waziri anaulizwa habari za leo. Zaidi ya hapo, nchi zote mbili zilikuwa zimeongeza mitambo, Zambia megawati 360 na Zimbabwe 300. Kuzindua mtambo mpya kunapendeza kwenye picha, lakini hakuongezi hata tone ziwani. Kunaongeza tu kasi ya kulimaliza.

Mvua nayo huwachanganya watu. Mvua ikipiga Lusaka, wengi hutarajia umeme urudi, kumbe maji ya huko hayafiki Kariba: Mto Kafue unaungana na Zambezi chini ya bwawa. Kinachojaza Kariba ni hasa mvua ya Angola na ya kaskazini-magharibi mwa Zambia, tena maji yake hukaa wiki nyingi kwenye mbuga za mafuriko za Barotse kabla ya kufika Maporomoko ya Victoria, ambako kilele huwa karibu Aprili. Mvua ya Desemba huko juu ni umeme wa katikati ya mwaka unaofuata.

Kwa siasa za Zambia, ubaya wa ukame ni kupiga sehemu mbili kwa pamoja. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Wilaya 84 kati ya 116 zilikuwa zimeathirika na mahindi yalikauka mashambani. Nchi ikajikuta inatafuta chakula na umeme wa nje kwa wakati mmoja, kwa fedha za kigeni, huku ikiwa bado inajinasua na madeni iliyoshindwa kuyalipa tangu 2020. Mtangulizi wake, Edgar Lungu, naye aliongoza nchi kwenye migao ya umeme ya 2015 na 2019. Chama kilicho madarakani hubadilika, Kariba ni ileile.

Dawa inayosaidia haraka ni kupumzisha ziwa. Uniti 1,000 za umeme wa jua huacha ziwani takriban mita za ujazo 4,500, ambazo zitazalisha usiku. Kituo cha jua cha Chisamba, megawati 100, kilizinduliwa 2025 kwa hesabu za aina hiyo. Njia ya umeme ya kuunganisha Zambia na Tanzania nayo ina mantiki, kwa kuwa si lazima mvua za pande hizo mbili zikosekane mwaka mmoja.

Mamlaka hutoa vimo vya ziwa hadharani. Ukivisoma, usilinganishe na wiki iliyopita. Linganisha na tarehe hiyohiyo mwaka uliotangulia, kisha uangalie mgao uliotangazwa. Karibu na ziwa kujaa, mita moja ni kama mita za ujazo bilioni 5.5, kwa hiyo tofauti ya nusu mita tu ni kama miezi miwili ya umeme wa nchi zote mbili kwa mgao wa mwaka mbaya kama 2024.