Barua ya wazi haianzi na “Husika na kichwa cha habari hapo juu”

Kila mwaka, Umoja wa Posta Duniani unapotangaza mada ya shindano lake la uandishi wa barua kwa vijana, huletewa rundo la rasimu za wanafunzi nizipitie kabla walimu wenzangu hawajachagua zitakazosonga mbele, na kila mwaka kalamu yangu nyekundu huanza kazi mahali palepale, kwenye mstari wa kwanza: “Husika na kichwa cha habari hapo juu.” Mwanafunzi amefundishwa sentensi hiyo, na mimi ni miongoni mwa waliomfundisha, kwa ajili ya barua rasmi ya kuomba kazi au ruhusa, na katika mtihani humpatia alama zake. Katika barua ya kushawishi, hata hivyo, sentensi hiyo inamrudisha msomaji juu akasome kichwa, ilhali kazi ya mstari wa kwanza ni kumvuta ashuke chini.

Shindano lenyewe lilianza mwaka 1971. Huwahusu watoto wa miaka 9 hadi 15, barua haizidi maneno 800, na kila nchi hufanya mchujo wake kisha hupeleka barua moja tu kwenye ngazi ya kimataifa. Baadhi ya mada huelekea kwenye simulizi, lakini nyingine zinadai ushawishi waziwazi: mwaka 2017 mtoto alijifanya mshauri wa Katibu Mkuu mpya wa Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 alimwandikia mtu mwenye ushawishi kumweleza kwa nini na kwa namna gani achukue hatua kuhusu tabianchi, na mwaka 2025 alijifanya bahari inayomwomba mtu aitunze. Gazeti la New York Times la Marekani nalo limewahi kuendesha shindano la barua za wazi kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 19, ambalo ukomo wake ulikuwa maneno 460. Huwa nawafanyisha wanafunzi wangu zoezi kwa ukomo huo mfupi kwanza, kwa sababu maneno 800 humpa mtoto nafasi ya kuficha kwamba hana hoja.

Barua ya wazi ina wasomaji wawili kwa wakati mmoja. Yupo mwandikiwa, ambaye jina lake liko juu ya barua, na upo umma unaoisoma ukiwa umesimama nyuma ya bega lake. Mwandishi anamweleza wa kwanza jambo huku akijua kwamba wa pili ndiye atakayemfanya wa kwanza ashindwe kunyamaza. Mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, Émile Zola, alilielewa hilo vizuri mno tarehe 13 Januari 1898, alipomwandikia Rais Félix Faure wa Ufaransa katika gazeti la L'Aurore kuhusu kufungwa kwa Kapteni Alfred Dreyfus, mwanajeshi aliyesingiziwa uhaini. Aliwataja maofisa kwa majina, mmoja baada ya mwingine, akijua kwamba atashtakiwa kwa kashfa, na kesi ndiyo aliyoitaka, kwa kuwa ingelazimisha ushahidi uletwe hadharani. Alishtakiwa kweli, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, akakimbilia Uingereza. Siwaambii watoto wa darasa la sita wakatafute kesi. Ninachowaonyesha ni kwamba barua ile ilikuwa na mtu mahususi wa kuandikiwa na ilidai jambo linaloweza kutendeka.

Kosa kubwa kuliko yote ninalokutana nalo liko hapo kwenye uchaguzi wa mwandikiwa. Mada ya bahari ilipotoka, rasimu nyingi nilizosoma ziliandikwa kwa “binadamu wote”, na chache kwa marais. Binadamu wote hawana sanduku la posta. Ukimwandikia kila mtu, unalazimika kusema mambo ambayo kila mtu anayakubali, kwamba plastiki ni mbaya na samaki ni muhimu, na hakuna anayeshawishika kwa jambo ambalo tayari analikubali. Niliwaomba wanafunzi wa kundi moja, wanaoishi karibu na pwani, wamtafute mtu mmoja ambaye mkono wake unaigusa bahari kila siku. Walikuja na wengi: mama anayekaanga pweza sokoni, nahodha wa jahazi, kijana anayemwaga taka ufukweni kwa mkokoteni. Mmoja akasema, kwa sauti ya chini kidogo, mvuvi wa baruti, yule anayelipua maji ili aue samaki.

Hapo ndipo somo lilipoanza hasa, kwa sababu mvuvi wa baruti ana majibu. Atasema nyavu halali ni ghali, ada za shule hazisubiri msimu, na asipolipua yeye atalipua mwingine. Mwanafunzi wa kawaida huyakwepa majibu hayo akidhani kuyataja ni kumpa mpinzani silaha, ilhali msomaji anayaona hata yasipotajwa, na anapoona mwandishi ameyaruka humhesabu kuwa ama hajui ama anaogopa. Kwa jambo hili sina mfano bora kuliko barua ya Martin Luther King ya tarehe 16 Aprili 1963, aliyoiandika akiwa jela mjini Birmingham, Marekani, kuwajibu viongozi 8 wa dini waliokuwa wameyaita maandamano yake kuwa si ya busara wala ya wakati wake. King aliwahutubia kama watumishi wenzake wa Mungu, akazichukua pingamizi zao moja moja, akazieleza kwa haki, kisha akazijibu. Kwa mvuvi wetu, jibu la bahari lipo: mlipuko huvunja matumbawe ambamo samaki huzaliana na kukulia, huua wadogo pamoja na wakubwa, na wengi wa waliokufa huzama chini bila kuvuliwa. Anayelipua leo anakula mtaji wa ada ya mwakani. Hoja hiyo inaanzia kwenye shida yake mwenyewe, ndiyo maana anaweza kuisikiliza.

Linabaki suala la adabu, ambalo kwetu si dogo. Mtoto anamwambiaje mtu mzima, mbele za watu, kwamba anakosea? Walimu tulibishana karibu nusu saa kama bahari imwamkie mvuvi “shikamoo”, na tukaafikiana kwamba bahari ni mkubwa wake, hivyo haimwamkii, ila nayo haina ruhusa ya kumtukana. Kiswahili kina akiba kubwa ya kusema ukali kwa heshima. Wanaofuatilia malumbano ya washairi, tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa hadi kurasa za mashairi magazetini, wanajua kwamba mtu anaweza kupewa ukweli wake hadharani na bado akabaki na uso wa kujibu. Kumwachia mwandikiwa njia ya kugeuka bila kuaibika ni sehemu ya ushawishi wenyewe, kwani aliyebanwa ukutani hujitetea tu.

Kuhusu mkono wa mtu mzima nitasema kwa ufupi: huonekana. Barua ya mtoto wa miaka 12 yenye “mustakabali endelevu” katika kila aya imeandikwa na mjomba, au siku hizi na akili mnemba (AI), na huwa naiweka pembeni bila majuto.

Yule aliyemtaja mvuvi aliniletea rasimu tatu. Ya kwanza ilianza kwa “Husika”. Ya pili ilikuwa mahubiri. Ya tatu ilianza hivi: “Kwako mvuvi wa ngalawa ya buluu, jana alfajiri nilihesabu milipuko mitatu.” Ilikiri kwamba nyavu ni ghali, ikamkumbusha ukubwa wa samaki aina ya changu aliokuwa akivua na baba yake, na mwishoni ikamwomba jambo moja, kwamba kesho anapoingia chomboni aiache ile chupa ya baruti nyumbani. Tulihesabu maneno pamoja, yakawa 612. Aliniuliza kama aongeze mengine ili yakaribie 800, nikamwambia aifunge bahasha.