Ubalozi hauhamishi mpaka wa nchi

Juzi nimesikia tena redioni, safari hii kutoka kwa mtu aliyetambulishwa kuwa mwanasheria, kwamba ukivuka lango la ubalozi wa Marekani pale Nsambya umeshatoka Uganda na kuingia Marekani. Kauli hiyo imezoeleka mno Kampala, na kwa kuwa wanaoirudia ni watu wanaoaminika na wapo wanaoumia kwa kuiamini, inafaa kuieleza kwa utulivu.

Ubalozi ni ofisi ya kudumu ambayo dola moja, kwa ridhaa ya dola nyingine, huiweka huko ili kuiwakilisha, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali ya nchi mwenyeji, kufuatilia kwa njia halali mambo yanayotokea huko na kukuza uhusiano mwema. Kazi hizo zimetajwa katika kifungu cha 3 cha Mkataba wa Vienna wa 1961, unaohusu uhusiano wa kibalozi kati ya nchi na nchi. Ofisi za Kenya, Tanzania na Uingereza zilizopo Kampala zina jina rasmi tofauti kidogo kwa sababu nchi hizo, kama Uganda, zimo katika Jumuiya ya Madola, lakini kazi ni ile ile.

Wazo la kwamba jengo la ubalozi ni ardhi ya kigeni halikuzuka barabarani. Mwaka 1625 mwanasheria Mholanzi Hugo Grotius aliandika kwamba balozi ahesabiwe kuwa ni nafsi ya mfalme aliyemtuma, na kwamba kwa njia hiyo hiyo ya kuwazia ahesabiwe kana kwamba yuko nje ya mipaka ya nchi anamoishi. Alikuwa akitafuta namna ya kueleza kwa nini balozi hashitakiwi ugenini. Karne zilivyopita, jambo lililowaziwa ili kufafanua kinga likachukuliwa na wengi kuwa habari ya ardhi yenyewe. Waliouandaa mkataba wa 1961 hawakulifuata wazo hilo: dibaji yake inasema kinga hizi hazikuwekwa kwa faida ya watu binafsi, bali ili balozi ziweze kufanya kazi zake ipasavyo.

Kifungu cha 22 ndicho kinachochanganya watu. Kinasema kwamba maofisa wa nchi mwenyeji hawaingii katika majengo ya ubalozi bila idhini ya mkuu wa ubalozi, na kwamba nchi mwenyeji ina wajibu wa kuyalinda. Hapo pamekatazwa kuingia, basi. Hakuna neno hata moja linalohamisha mamlaka juu ya ardhi. Kifungu cha 41 kinaongeza kwamba wenye kinga wanapaswa kuheshimu sheria za nchi mwenyeji, amri ambayo isingekuwa na maana kama wangekuwa wanaishi kwao. Tena balozi nyingi duniani ni nyumba za kupanga, na sijawahi kumsikia mtu akidai kwamba mwenye nyumba wa Kololo anaposaini mkataba wa upangaji na ubalozi fulani anakata kipande cha Uganda na kukigawa.

Mahakama zimeshaulizwa swali hili waziwazi. Mwaka 1970 mume mmoja Mmisri aliyekuwa akiishi Uingereza alikwenda katika ofisi ya konseli mkuu wa Misri, yaani afisa anayehudumia raia wa nchi yake ugenini, jijini London na kutamka talaka tatu mbele ya mashahidi, akishikilia kwamba ameachana na mkewe ndani ya Misri. Iwapo hoja hiyo ingekubaliwa, talaka ingetambuliwa kama iliyotolewa nchi ya nje. Jaji wa Kiingereza aliyeamua kesi hiyo mwaka 1972 alipitia mikataba na maandishi ya wanasheria, akakuta kwamba ofisi ile, pamoja na kinga zake zote, imo katika ardhi ya Uingereza, hivyo talaka ile haikutolewa ng'ambo. Marekani nayo ina msimamo huo huo kuhusu majengo yake: mtoto wa wazazi wa Kiganda akizaliwa ndani ya ua wa Nsambya hapati uraia wa Marekani kwa sababu ya mahali alipozaliwa.

Kosa hili linawagusa pia ndugu zetu waliokimbia vita Kongo au Sudan Kusini, ambao huambiwa kwamba wakifaulu kuingia katika ubalozi wa nchi ya Ulaya hapa Kampala watakuwa wameomba hifadhi Ulaya. Mtu huyo bado yuko Uganda, na kuandikishwa kwake kama mkimbizi kunapitia Ofisi ya Waziri Mkuu.

Linalonisumbua zaidi ni dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Wanaambiwa: kimbilia ubalozini, ukishaingia uko Uganda. Ni kweli kwamba polisi wa Saudia hawatamfuata ndani ya ubalozi wetu Riyadh bila idhini, na kinga hiyo si ndogo. Ubalozi unaweza kumpa hati ya dharura ya kusafiria, kuzungumza na mwajiri na mamlaka za kazi, na kumtembelea akiwa kizuizini. Lakini kibali chake cha ukaazi na shauri ambalo mwajiri amemfungulia bado viko chini ya sheria za Saudia, na barabara ya kutoka lango la ubalozi hadi uwanja wa ndege ni ya Saudia. Balozi hana uwezo wa kufuta kesi wala kumtoa mtu jela. Kwa hiyo anayezungumza na ndugu yake aliyeko huko amshauri awahi ubalozini kabla mambo hayajaharibika, atunze nakala ya pasipoti na ya mkataba wa kazi katika simu yake, na akikamatwa aombe yeye mwenyewe kwamba ubalozi uarifiwe, kwa kuwa mkataba mwingine wa Vienna, ule wa 1963 unaohusu kazi za kikonseli, unawataka polisi kupeleka taarifa hiyo pale aliyekamatwa anapoomba.