"Niko na diplome"

Binti aliingia ofisini kwetu Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, na bahasha ya nailoni iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu, niko na diplome," akasema kwa Kiswahili cha Bukavu, mashariki mwa Congo. Mwenzangu aliyeketi kando, Mkenya, akamuuliza, "Ya nini? Uhasibu? Uuguzi?" Binti akabaki kumtazama.

Kwa Mkenya, diploma husomewa chuoni baada ya sekondari. Kwa Mkongomani, ndicho cheti chenyewe cha kumaliza sekondari, unachopewa ukifaulu Exetat, mtihani wa taifa. Nimeona fomu za kuomba chuo zikijazwa kwenye kisanduku kisicho chake kwa sababu ya neno hilo moja, na ombi likaanguka bila mwombaji kujua kosa lake.

Alama nazo zina yake. Congo hutoa asilimia, na ukipata 50 umepita. Binti alikuwa na 58, ambazo kwao si haba. Lakini aliyezoea A hadi E, na anayejua kwamba kuingia chuo kikuu Kenya unatakiwa kuwa na C+ kwenda juu, akiiona hiyo 58 anakunja uso. Ndiyo maana cheti hutafsiriwa kutoka Kifaransa, kisha kikalinganishwa rasmi na cha Kenya. Hapo miezi hupotea. Na huyu ana bahati, maana anacho mkononi. Wapo waliokimbia na hati ya muda tu, cheti kamili kikiwa bado hakijatoka, na shule yao sasa iko upande wa vita.

Watu wakisikia mkimbizi hajafika chuo hufikiria ada. Sikatai, ada ni mlima. Ila ufadhili upo, hata kama ni wa kugombaniwa: DAFI, ambao Ujerumani imekuwa ikiugharimia kupitia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, tangu 1992, au ule wa shirika la WUSC la Kanada, ulioanza 1978, ambao humchukua mwanafunzi akasome na kuishi hukohuko. Nafasi ni chache mno. UNHCR ilipojiwekea mwaka 2019 lengo la kufikisha asilimia 15 ya vijana wakimbizi vyuoni ifikapo 2030, waliokuwa vyuoni walikuwa 3 tu katika kila 100. Kinachoniuma ni kuona nafasi hizo chache zikipita huku mtu mwenye sifa anasubiri muhuri.

Kwa hiyo nikipata kijana wa kidato cha mwisho, simwulizi kwanza anataka kusomea nini. Namwambia alete karatasi zote, tuzipige picha, ajitumie kwa barua pepe, ndipo tuanze kusoma majina herufi kwa herufi.

Tulifanya hivyo na binti. Kwenye cheti jina lake linaanza na Ci, kama Washi, watu wa kwao Bukavu, wanavyoandika. Kwenye kitambulisho cha mkimbizi linaanza na Chi; aliyemsajili aliandika alivyosikia. Kwa kompyuta ya chuo, hao ni watu wawili.

Tukaanza na hati ya kiapo, kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.