Ufeministi wa makutano si mashindano ya mateso

Wengi hudhani ufeministi wa makutano ni kuhesabu nani kaonewa zaidi. Sivyo. Ni kuangalia jinsi ubaguzi wa aina mbili au zaidi, kama wa jinsia na wa rangi, unavyomkuta mtu mmoja kwa pamoja. Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria Marekani, alilieleza wazo hili mwaka 1989 kwa kesi iliyoamuliwa 1976. Wanawake weusi watano waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Wafanyakazi walipopunguzwa, walioingia mwisho walitoka kwanza. Na kabla ya 1964 kampuni haikuajiri wanawake weusi, hivyo wao ndio walioingia mwisho. Mahakama ikajibu: wanawake wameajiriwa, basi hakuna ubaguzi wa kijinsia (kumbe ni weupe, wa ofisini). Dai la rangi liunganishwe na kesi nyingine. Kuyasikiliza madai mawili, la jinsia na la rangi, kwa pamoja, ikakataa.

Kwa hiyo ripoti ya mkutano wa Jumamosi asubuhi ikisema "wanawake 40 walihudhuria", haitoshi. Wangapi ni walemavu? Wangapi ni wafanyakazi wa ndani, ambao wengi saa hizo hawana ruhusa?