Anayetapika aanze kupewa maji, dawa ifuate vipimo

Kila msimu wa mvua zahanati zetu hupokea watu wenye ombi lilelile: "Naomba ya kuzuia kutapika tu." Kutapika ni dalili. Chanzo chaweza kuwa virusi vya tumboni, malaria, vidonda vya tumbo, mimba changa, kidole tumbo, hata homa ya uti wa mgongo. Mhudumu akikupima kwanza hakucheleweshi.

Chanzo kinachobishiwa sana ni kiporo. Wali ukilala sufuriani bila friji, bakteria huzaliana na kuacha sumu. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6. Utasikia, "Mbona niliupasha ukafuka moshi?" Moto unaua bakteria, ile sumu inabaki. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado watu wakitapika baada ya shughuli, anatafutwa jirani aliyewaroga. Tafadhali, tuachane na hayo.

Kinachomaliza mtoto haraka ni kupungukiwa maji: macho yanadidimia, utosi unabonyea, analia bila machozi, nepi inabaki kavu. Koroga pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, bila kuzidisha wala kupunguza. Mnyweshe kijiko cha chai kila dakika 1 au 2. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. ORS inayobaki baada ya saa 24 imwagwe. Anayenyonya aendelee kunyonya. Soda si mbadala wa ORS.

Anayetapika huku akiharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele hushukiwa kuwa na kipindupindu. Hapo utaratibu hubadilika: anatengwa na kutibiwa, sampuli ya kinyesi inachukuliwa, jina linaingizwa kwenye orodha, na taarifa inafika kwa mganga mkuu wa wilaya bila kusubiri majibu ya maabara. Afisa afya atafika nyumbani kukagua choo na chanzo cha maji, na wanaoishi na mgonjwa watafuatiliwa. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Anayeficha mgonjwa au kumzuia afisa afya anaweza kujikuta mahakamani. Mama lishe naye anaweza kufungiwa kibanda mpaka kikaguliwe upya.

Matapishi yakiwa na damu au rangi ya kijani, shingo ikikakamaa, mgonjwa akilegea au kuchanganyikiwa, au mjamzito akishindwa kubakiza hata maji tumboni, nendeni hospitali usiku huohuo.